Gari Lililokataa Jumapili

Gari langu ni dogo, la zamani, rangi ya maziwa, na kwa muda mrefu lilikuwa na tabia ambayo hakuna fundi aliyenisadiki nikimweleza. Jumatatu hadi Jumamosi lilinitoa nyumbani Kimbo likanifikisha Thika, kwenye duka langu la sare za shule, bila neno. Jumapili lilikataa. Mara lilizima nikiingia barabara kuu. Mara taa za dashibodi ziliwaka zote kwa pamoja, kisha zikafa. Mara lilitulia vizuri mpaka tuta la mwisho kabla ya kanisa, halafu kimya. Nililibembeleza weee, na lilipochoka kubembelezwa likawaka kana kwamba halikunikosea chochote.

Aliyeteseka nami ni mama yangu. Anaishi Ngoliba, analima mahindi na ndengu, na kanisa lake liko ukingoni mwa mji wa Thika. Makanisa ya karibu yapo tele, lakini alibatizwa pale na hasikii la mtu. Kwa hiyo kila Jumapili ninatoka Kimbo, ninapita Thika, ninamfuata Ngoliba, kisha tunarudi pamoja. Huketi mbele, mkoba magotini, akinisimulia nani ameoa na mbuzi wa nani wameingia shamba la nani. Huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Safari hiyo ndiyo raha yangu ya wiki. Kaka yangu ana gari kubwa jeusi linalonukia upya, lakini Mama alipanda langu, na jambo hilo nililiringia kimyakimya.

Kisha Mama akakubaliwa kuvishwa kitambaa. Kanisani kwetu, kitambaa cheupe cha chama cha akina mama hakipewi hivi hivi. Mtu husoma darasa, hutembelea wagonjwa, huangaliwa mwenendo, ndipo Jumapili moja anaitwa mbele, anavua kilemba alichokuja nacho na kufungwa kile cheupe watu wote wakiona. Mama alikuwa ameahirisha darasa hilo miaka mingi, kwanza kwa sababu yetu watoto, baadaye kwa sababu ya ng'ombe. Sasa siku yake ilikuwa imepangwa, na nilitaka mimi ndiye nimfikishe. Nililitaka hilo kama mtoto anavyotaka kitu, bila aibu.

Nikampelekea gari fundi wangu wa umeme wa magari pale Thika, Jumatatu asubuhi, kama kawaida yangu. Akaliwasha, likanguruma taratibu. Akalizima, akaliwasha tena. Akafungua boneti, akatikisa kila waya.

"Mathe, hii gari iko poa," akasema. "Niletee ikiwa imekataa."

"Ikikataa nitaileta na nini? Na mgongo?"

Alicheka mpaka akaangusha spana. Hata hivyo hakukaa bure. Alisafisha vichwa vya betri, akabadilisha rilei moja, akakaza waya unaofungwa kwenye bodi, akaniambia niende kwa amani. Nilienda kwa amani, na Jumapili likazima mbele ya soko.

Madaktari wengine hawakukosekana. Jirani alisema ni plagi. Mteja wangu mmoja alisema ni petroli mbaya. Kaka yangu alisema, "Uza hiyo kitu," na hakutaka hata kufungua boneti.

Halafu kukaja wiki ambayo mifereji ya Kimbo ilikauka kabisa, tukawa tunanunua maji kwa mitungi. Jumapili ya wiki hiyo gari lilikwenda Ngoliba na kurudi bila hata kukohoa. Nilifurahi kupita kiasi. Wakati wa ushuhuda ulipofika nilisimama, nikashika maikrofoni, nikaeleza kanisa zima jinsi Mungu alivyoliponya gari langu. Maneno sikuyabania. Watu walipiga makofi, na mzee mmoja wa kanisa akapaza amina nyingi kuliko zilizohitajika.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, gari likakataa katikati ya uwanja wa kanisa. Wale wale waliopiga makofi walilisukuma wakiwa na suti na viatu vya visigino. Mzee wa amina ndiye aliyeshika nyuma.

"Dada," akaniambia huku akihema, "hiyo ushuhuda ulituletea mapema kidogo."

Tulicheka sote. Kisha Mama akanivuta kando. "Maitu, Jumapili ijayo, siku ya kitambaa, kaka yako atanipeleka. Si ati nakukataa wewe. Nakataa kuchelewa."

Nikamwambia ni sawa. Haikuwa sawa hata kidogo. Niliumia, na nilipofika nyumbani nililifungia lile gari mlango kwa nguvu ambayo halikuistahili.

Katikati ya wiki nilimpelekea mbolea Ngoliba. Barabara ilikuwa na vumbi la kutosha, na gari likaruka mashimo yote bila shida. Mama akalizunguka. Akachora mstari mlangoni kwa kidole, akakitazama kile kidole.

"Hii gari yako ikiwa chafu haina maneno," akasema. "Ni ikioshwa inaanza kiburi."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Halafu kicheko kikaniishia chenyewe.

Kwetu hakuna anayekwenda kanisani na gari chafu. Watu wataanza kuulizana kama bado umeokoka. Kila Jumamosi jioni nililipeleka kuoshwa pale Kimbo, na kwa kuwa mimi ni mteja wa siku nyingi, walinifungulia boneti na kuipiga injini maji ya pampu mpaka ing'ae, bila kuniongezea bei. Jumapili nilikwenda kanisani na injini inayong'aa. Kufika Jumatatu kwa fundi, ilikuwa imekauka. Na ile wiki ya ushuhuda, maji hayakuwako Kimbo nzima.

Alhamisi nilimfikia fundi nikiwa na mtungi.

"Mwagia injini maji," nikamwambia. "Ikiwa inanguruma."

Alinitazama kwa huruma, lakini akamwaga, kidogo kidogo, upande wa sanduku la fyuzi. Akalitikisa gari kwa mikono miwili, kama linapita kwenye tuta. Taa za dashibodi zikawaka zote. Zikafa. Kimya.

"Imekataa!" fundi akapiga kelele.

"Imekataa!" nami nikaitikia, na tukashikana mikono kama watu waliokutana harusini. Fundi wa jirani alitoka chini ya lori kuja kuona kilichotokea.

Kifuniko cha lile sanduku kilikuwa kimevunjika pembeni, mahali ambapo jicho halifiki. Ndani, viungo vya waya vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Maji yalijificha humo, na tuta lilipolitikisa gari yaligusa pasipotakiwa. Fundi alisafisha, akakausha, akabadilisha kiungo, akaziba kifuniko kwa kipande cha tyubu ya gurudumu. Akamwaga tena maji yote yaliyobaki, na gari likaendelea kunguruma.

Nikampigia Mama simu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Kuja wewe," akasema. "Lakini usiioshe."

"Mami, imetengenezwa."

"Usiioshe."

Jumamosi wale wa kuosha magari walinipungia mkono nikajifanya siwaoni. Jumapili Mama alitoka nyumbani na gauni jeupe, kilemba chake cha maua kichwani. Akatandika leso juu ya kiti, akapanda kwa uangalifu. Tulifunga madirisha kwa ajili ya vumbi, tukatokwa na jasho, tukaimba. Kwenye tuta la mwisho alikatiza wimbo. Gari likapanda, likashuka, likaendelea. Akauendeleza wimbo pale pale alipouachia.

Niliegesha kando ya gari la kaka yangu, ambalo ungeweza kujitazama humo na kujipaka mafuta ya midomo.

"Hata siku kama ya leo hukuosha?" akaniuliza.

Nilimshika Mama mkono tukaingia kanisani. Mama alipoitwa mbele, akavua kile kilemba cha maua na kuinamisha kichwa chenye mvi akifungwa kitambaa, nililia bila kujificha.

Baada ya ibada kaka yangu alimfungulia mlango ili apigwe picha kando ya gari lake. Mama akampita. Akaja kwenye langu, kile kilemba cha zamani mkononi, akafuta mlango, akafuta kishikio, akafuta kioo, polepole, watu wakimtazama.

"Hii," akamwambia kaka yangu, "huoshwa kavu."

Kisha akaingia mbele, akaweka mkoba magotini.

"Washa, maitu," akasema.

Nikawasha.