Nilimwambia Eedo Nyumba Yake Imeezekwa

Admin, niweke bila jina wala mtaa, maana Garissa ukikohoa huku, upande wa pili wanakuuliza umekunywa dawa gani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nimeachika, naishi kwa baba yangu. Kazi yangu ni kupaka maharusi hina, na nikipata nafasi nachora picha za rangi kwenye kitambaa. Ndugu zangu walinicheka sana, wakasema picha haziliwi. Sasa hawanicheki tena, wananiepuka.

Mto ulipofurika, majirani zetu wa bondeni walipoteza nyumba. Familia saba zikahamia kando ya barabara, chini ya magunia na karatasi za nailoni, na mpaka leo wengi wako hapohapo. Mmoja wao ni bibi mjane ninayemwita Eedo, yaani shangazi, ingawa hatuna damu moja. Ndiye aliyenifundisha hina nikiwa msichana. Mkono wake wa kulia hauna vidole viwili, kamba ya ngamia ilivikata zamani, na kwa vile vitatu alikuwa akichora maua ambayo mimi na kumi vyangu siyawezi.

Sichori nyuso, dini yetu hailipendi jambo hilo. Nachora mikono na migongo. Siku moja nilimkuta Eedo akimimina maji kutoka kwenye mtungi wa plastiki, nikamuomba niuchore ule mkono. Alicheka. "Chora tu. Hii mkono nani ataoa sasa?" Picha ile ilinunuliwa na mgeni kwenye hoteli moja hapa mjini, akataka nyingine, na nyingine. Nikanunulia zile familia chakula na blanketi. Kisha mtu wa ukoo wa Eedo akampa kipande cha kiwanja, tukaanza kumjengea chumba kimoja. Kuta zilisimama, bati nikazinunua. Jamani, nilifurahi kama mjinga.

Kosa langu ni kwamba nilidhani asiyechorwa uso hajulikani. Picha ilizunguka kwenye simu mpaka Wajir, na mkono wa vidole vitatu ukoo wake mzima unaujua. Wazee wanne wa ukoo huo walikuja nyumbani kwetu. Hawakupiga kelele, afadhali wangepiga. Mkubwa wao aliniambia, "Wewe umeweka mama yetu kwa ukuta, watu wa Nairobi wanamnunua. Kwani sisi tumekufa?"

Wallahi nilitaka kuwauliza walikuwa wapi wakati mvua inamnyeshea. Lakini baba alikuwa ameketi kando yao akiangalia viatu vyake, nikawamiminia chai. Waliamua kwamba mama yao hawezi kulala katika nyumba ya pesa za aibu. Eedo akapelekwa Eldas, kulekule Wajir, kwa mpwa wake, akaambiwa anaenda kupumzika mpaka nyumba iishe. Alipoondoka tu, kiwanja kikachukuliwa, kuta zikabomolewa, bati zikapelekwa madrasa ziwe sadaka. Nani atabishana na bati za madrasa? Baba aliwapa neno lake kwamba sitachora tena na sitajiingiza tena katika mambo ya mama huyo. Zile familia nyingine nazo ziliogopa. Mwanamke mmoja alinirudishia hata blanketi, akiwa ameifua.

Sasa sikilizeni dhambi yangu. Eedo huko Eldas hakuteswa, alikuwa mgeni tu, na mtu hawezi kuwa mgeni maisha yake yote. Mke wa mpwa wake alinipigia akasema bibi hali chakula, anauliza nyumba yake tu. Akampa simu. Eedo akaniuliza kama imeezekwa. Nikasema imeezekwa.

Akala siku hiyo. Basi kila Ijumaa ananipigia, na mimi naendelea kujenga. Aliuliza mlango ni wa rangi gani, nikasema kijani. Aliuliza kama jua la asubuhi linaingia, nikasema linaingia mpaka kwenye mkeka. Nikamwekea jiko nje na kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwa nasikia anavyohema kwa raha, na mimi nalia huku nimeziba mdomo kwa shela. Nilijiambia ni mzee na mdhaifu, hatasafiri.

Ijumaa iliyopita alipiga. Ameuza mbuzi wake wawili akapata nauli. Anatoka Eldas Alhamisi, na mpwa wake amechoka kumzuia. Alinisomea dua ndefu, akasema nimemfaa kuliko watoto wake waliokufa, akasema niitoe kufuli mapema ili chumba kipate hewa. Nilisema sawa, Eedo.

Kwetu siwezi kumleta, baba amekataa nilipomgusia tu, na mimi mwenyewe hapo nimehifadhiwa. Kiwanja kimeota miba. Nikimwambia kwa simu, naogopa hatakula tena. Nikinyamaza, atashuka kwenye basi na mzigo wake wote aulize tunapita njia gani.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Leo ni Jumanne. Mwenye mama mzee aniambie: nimvunje moyo akiwa bado Eldas, au nimpokee stendi nimshike ule mkono nimpeleke wapi?