Samaki wa Mkwe

Dobi alipostaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kunyoosha mashati ya watu, alibaki na miguu yenye mishipa iliyovimba na beseni kubwa la saruji alilokuwa akilowekea nguo. Beseni hilo alilichimbia uani, akalijaza maji ya mvua, akapanda matete. Mkewe akamwambia anafuga mbu. Mwaka haukwisha, mbu wakapungua, mke akanyamaza.

Waliowamaliza ni watoto wa kerengende, wale kerengende wembamba kama sindano, wanaofunga mbawa mgongoni wakitua. Watoto wao huishi majini, wana umbo la vijiti, na viluwiluwi vya mbu ndivyo chakula chao. Kila asubuhi dobi aliketi akiwatazama. Aliwahi kumwona mmoja akipanda tete, akapasuka mgongo, akatoka kerengende mzima, mbawa zimekunjamana kama shati lililotoka kukamuliwa. Dobi alikaa hapo hapo mpaka zikanyooka zenyewe, bila pasi.

Kisha akalazwa wiki moja kwa ajili ya miguu. Aliporudi alikuta samaki wanane wekundu ndani ya beseni. Mkwe wake, muuza bima, mtu wa zawadi, aliwaleta kumfurahisha mzee. Dobi akainama, akatazama mpaka shingo ikamuuma. Hapakuwa na kijiti kilichotikisika. Hata wadudu wanaoteleza juu ya maji walikuwa wameliwa.

Mkewe akamsihi ashukuru, maana mkwe haambiwi neno zito. Binti akapiga simu kuuliza kama baba amefurahi. Jirani akachungulia, akasema sasa pamependeza. Kila pongezi ilimchoma upya. Avamiwe uani kwake, halafu asante atoe yeye?

Akawavua samaki kwa kipande cha chandarua, akawatia kwenye ndoo, akaenda nayo akichechemea mpaka ofisini kwa mkwe. Akaitua juu ya meza, mbele ya wateja, akasema samaki hao wamewamaliza kerengende wake.

“Baba, wale walikuwa wadudu tu,” mkwe alisema kwa sauti ya chini.

“Ungekuta mashati ya wateja wangu kambani, ungeyatia rangi kwa kuwa wewe unaona yamepauka?”

“Hapana, baba.”

“Basi ungeniuliza.”

Waliokuwa kwenye foleni wakatazama viatu vyao. Binti alinuna mwezi mzima. Mkewe alimwandalia chakula bila kumsemesha, akisema tu na sufuria kwamba ameaibishwa.

Jumamosi moja mkwe akaja peke yake, mikono mitupu, akaomba aonyeshwe hao kerengende. Hawakuwapo wa kuonyeshwa. Maji yalijaa viluwiluwi vya mbu vikijipinda.

“Tazama vizuri,” dobi alimwambia. “Hii ndiyo kazi yako.”

Mkwe akachuchumaa na suruali yake ya ofisini, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaomba radhi. Dobi aliipokea, lakini hasira haikumtoka. Chai siku hiyo mkwe aliinywa na mama mkwe wake tu.