Udongo Mweupe wa Ghala la Makambako

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala nyundo. Fundi Mkuu, Singasinga mrefu ambaye baridi ya Njombe ilimfanya avae koti la sufu mpaka saa sita mchana, alinipeleka ndani ya ghala la kiwanda, akanipandisha ngazi na kuniamuru nigonge bomba moja kwa kifundo cha kidole, kisha nimwambie ndani mna nini. Niligonga. Likalia kama debe tupu.

"Hamna kitu, Bwana Fundi."

"Vizuri. Hilo ndilo bomba la kuzimia moto."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa kumkaribisha mgeni. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni karibu na Ilembula, nikijiona msomi, na hata mtoto wa chekechea anajua kwamba moto huzimwa kwa maji. Lakini Fundi Mkuu hakuwa mtu wa mzaha. Alinishusha, akanikalisha juu ya gunia na kunieleza. Ninyi vijana mnaozuia moto kwa mitambo ya umeme na taa za rangi, hebu nanyi mkae juu ya gunia kidogo, niwaeleze kama nilivyoelezwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Kiwanda chetu kilichemsha magome ya miti ya miwati na kukausha rojo lake likawa dawa ya kutengenezea ngozi. Dawa hiyo ilijazwa kwenye magunia na kusubiri malori. Mfumo wa kawaida wa kuzima moto huwa na mabomba yaliyojaa maji muda wote darini. Kwetu mfumo huo ungekuwa balaa mara mbili. Kwanza, mwezi wa Juni na wa Julai sakitu huanguka Njombe, maji huganda ndani ya bomba na kulipasua. Pili, dawa yenyewe huyeyuka. Bomba moja likivuja usiku kucha, asubuhi unakuta mto wa chai ya rangi sakafuni, na mzigo wa msimu mzima umekwenda nao.

Kwa hiyo maji yetu yalizuiliwa chini, nyuma ya vali kubwa, na darini mlikuwa na upepo tu. Ili maji yamwagike, walinzi wawili walitakiwa wakubaliane. Mlinzi wa kwanza alikuwa vikombe vya shaba vilivyoning'inizwa darini kichwa chini. Moto ukiwaka, hewa ndani ya kikombe hutanuka ghafla, husukumwa kupitia kijibomba chembamba mpaka chini, huangusha uzani wa chuma, na vali hufunguka. Maji hupanda na kujaza mabomba, lakini hayamwagiki bado. Mlinzi wa pili alikuwa kinyunyizio chenyewe, chenye kichupa cha kioo kinachopasuka kwa joto. Kichupa kikipasuka ndipo mvua inanyesha, tena pale tu penye moto. Kikombe kilikuwa na kitundu kidogo cha kupumulia, ili joto la jua linalopanda polepole lisikidanganye. Kikumbukeni kitundu hicho.

Mwisho wa somo Fundi Mkuu aliniambia sheria yake. "Kila wiki utapanda ngazi, utagusa kila kikombe na kila kinyunyizio, utaandika kitabuni. Ukimaliza sitakuuliza kama umepanda. Utanionyesha mikono."

Alikuwa hatanii. Kila Ijumaa nilinyoosha viganja mbele yake, vyeusi kwa vumbi la dawa, naye akavitazama juu na chini kabla ya kutia saini yake chini ya yangu. Niliona ni udhalilishaji. Msomi mzima nakaguliwa mikono kama mtoto anayekwenda mezani.

Baada ya miaka miwili tulipelekwa Makambako kufunga mfumo kama ule katika ghala jipya la njia panda, mahali malori yalipopakia. Tulikuwa watatu: Fundi Mkuu, mimi, na Ezekia Sanga, Mkinga wa Matamba mwenye mabega ya kubeba bomba la futi ishirini peke yake. Nilizoea kumwambia kwamba kwao hata mbuzi huvaa sweta. Yeye alinijibu kwamba Mbena kama mimi akishika kalamu huacha kushika jembe, na asiposhika jembe hafai kwa lolote. Ulikuwa utani, lakini kama mtakavyoona, alinilenga vizuri kuliko alivyojua.

Tulifanya kazi miezi minne. Kila kiungo tulikizungushia katani iliyopakwa rangi kabla ya kukaza. Kila bomba tulilipa mteremko mdogo, ili maji ya majaribio yakimwagwa lisibaki hata tone la kugandishwa na sakitu. Tulipandisha presha, tukakaa saa mbili tukitazama mshale wa geji bila kusema, maana ukishuka hata unywele, kuna kiungo kinachovuja. Haukushuka. Koki kuu tuliiacha imefunguka, tukaizungushia mkanda wa ngozi na kufuli, asije mtu akaifunga kwa bahati mbaya. Ilibaki jambo moja tu: Mkaguzi wa bima atoke Dar es Salaam, ashuhudie jaribio la moto na kutoa hati. Alitazamiwa baada ya Krismasi.

Ndani ya ghala hilo walifanya kazi wanawake kumi na wawili, wakishona magunia yaliyochanika. Milango ilifungwa muda wote wakiwa kazini, kwa sababu upepo wa Makambako ulijaza vumbi kila mshono. Msimamizi wao alikuwa Mama Yeremia, mjane Mlutheri mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alitupikia uji, akatuita wanawe, na Fundi Mkuu alimwamkia "kamwene" kwa lafudhi yake ya Kihindi mpaka wanawake wote wakacheka.

Sasa, kwetu Krismasi haiingii katika nyumba chafu. Wiki ya mwisho kila mwanamke huchimba udongo mweupe, huukoroga na uji mwembamba ili ushike, na kupaka ukuta mpaka nyumba ing'ae. Mwaka ule Fundi Mkuu aliitwa Njombe, nami nikaachiwa kitabu. Ijumaa ya kabla ya sikukuu nilifika mlangoni kwa ukaguzi wa wiki, nikakuta ghala limekuwa jeupe, ukuta mzima na boriti zote. Wanawake walikuwa wamepanda juu ya magunia na juu ya ngazi yetu.

"Umeona, mwanangu?" Mama Yeremia aliniuliza. "Huyo mzungu wenu akija asiseme Makambako ni vumbi tupu."

Nilimsifu. Lori la kwenda Ilembula lilikuwa linanguruma barabarani, dereva ananipigia honi, na nyumbani walikuwa wananingoja. Nilitazama juu kutoka mlangoni. Panapendeza. Nikaegemeza kitabu kwenye goti, nikaandika: vikombe kumi, safi, vinyunyizio sitini, safi. Nikatia saini na kukimbilia lori. Mikono yangu ilikuwa safi kweli, na hapakuwa na wa kuitazama.

Mkaguzi alikuja siku ya tatu baada ya Krismasi, na Meneja wa ghala akamfuata nyuma akiwa ameshika kofia. Wanawake walisimamishwa ukutani, sindano zao mikononi. Ezekia aliwasha makaa katika karai lililofungwa kwenye mti mrefu, akaliinua mpaka chini ya kikombe cha kwanza. Kikombe kizuri huangusha uzani kabla ya hesabu ya sitini. Fundi Mkuu, aliyekuwa amerudi kutoka Njombe, akaanza kuhesabu kwa sauti.

Alifika arobaini. Akafika sitini. Uzani ulikuwa umening'inia palepale. Akaendelea kuhesabu kwa sauti ileile, themanini, mia moja. Mkaguzi alifungua daftari lake. Meneja alikohoa. Ilipofika mia moja na ishirini Fundi Mkuu aliacha kuhesabu, akanitazama mimi.

"Mwalongo, panda."

Nilipanda. Kutoka chini kile kikombe kilionekana cheupe tu kama boriti. Kwa karibu niliona kimevishwa udongo unene wa ganda la yai, umekauka na kushika. Nikaelewa yote mara moja. Joto lilipenya udongo ule polepole, na hewa iliyotanuka ikapumulia polepole kwenye kile kitundu, kana kwamba ni jua la mchana. Nikageuza shingo. Vikombe vyote kumi vilikuwa hivyo. Vinyunyizio navyo vilikuwa vimepakwa, vichupa havionekani.

"Kuna nini huko juu?" Meneja aliuliza.

"Nakitazama, Bwana."

Nikageuza mgongo wasione, nikasugua udongo kwa dole gumba mpaka shaba ikatokea. Nikashuka. Ezekia akainua makaa tena. Kabla Fundi Mkuu hajafika thelathini, uzani ulianguka kwa kishindo, vali ikafunguka, na maji yakapanda darini yakinguruma. Wanawake walipiga vigelegele. Hakuna tone lililomwagika, magunia yakabaki makavu, kama inavyotakiwa. Mkaguzi alisema "safi sana" kwa Kiswahili, akatoa hati mfukoni na kuiweka juu ya gunia ili aitie saini.

Vijana wangu, nimewahi kuteleza juu ya paa, nimewahi kupigwa na bomba kichwani, lakini sijawahi kuogopa kama wakati ule. Nikinyamaza, nimeokoka mimi, ameokoka Fundi Mkuu, na Mama Yeremia anabaki na kazi yake. Na moto ukija, wanawake kumi na wawili wamefungiwa chini ya mfumo uliokufa. Nilijiambia nitarudi kesho kusafisha polepole, peke yangu. Lakini Fundi Mkuu alikuwa ametufundisha kwamba kinyunyizio kilichopakwa hakisafishwi, hubadilishwa, na sandukuni tulikuwa na vya akiba vinane. Mkaguzi alifungua kalamu. Fundi Mkuu alikuwa amesimama kando yake, mdomo umefumba, hanitazami usoni.

"Bwana Mkaguzi," nilisema, na sauti ilitoka ndogo, "usitie saini. Vyote vimepakwa udongo. Nimekisugua kile kimoja tu."

Mkaguzi akafunga kalamu, akarudisha hati mfukoni. Meneja akageukia ukutani. "Nani amepaka?"

"Mimi, Bwana," alisema Mama Yeremia. "Tulitaka papendeze. Hatukujua kama ni kosa."

"Chukua vitu vyako uende."

Fundi Mkuu hakumjibu Meneja. Alimwambia Ezekia afunge koki kuu, amwage maji yaliyoingia, kisha afungue kinyunyizio kimoja kilichopakwa. Akatoa kingine kisafi sandukuni. Akavining'iniza vyote viwili kwa waya juu ya makaa, akaanza tena kuhesabu. Kisafi kilipasuka mapema, tak. Kilichopakwa kiliendelea kuning'inia. Akahesabu mpaka wanawake wenyewe wakaacha ukuta na kusogea karibu. Kilichopakwa hakikupasuka.

"Hicho ndicho kilichokuwa kinatulinda?" Mama Yeremia aliniuliza.

"Ndicho, mama."

Alinitazama muda mrefu. Sijasahau macho yake, maana hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu anayehesabu wenzake.

Kisha Fundi Mkuu akafungua kitabu penye saini yangu, akampa Meneja. "Huyu mama hakuandika humu kwamba ni safi. Aliyeandika ni mtu wangu, na kitabu ni changu. Hakuna aliyewaambia wanawake hawa vile vitu ni nini. Kama kuna wa kuondoka, ni mimi."

Meneja alilishika neno lake. Mama Yeremia alibaki. Mimi niliondolewa kwenye kitabu, nikarudishwa kubeba mabomba mwaka mzima, na Ezekia akanionea huruma kiasi cha kuacha utani, jambo lililoniumiza zaidi. Fundi Mkuu alihamishiwa Tanga, akafunge mabomba ya maji ya kunywa. Vinyunyizio vipya vilifika baada ya wiki sita, na wiki zote sita wanawake walishona nje, upepo ukiwapiga.

Siku aliyoondoka Fundi Mkuu nilimbebea sanduku mpaka kwenye lori. Nikamuuliza kama alijua, kabla sijasema.

"Uliposhuka nilitazama mikono yako. Dole gumba lilikuwa jeupe."

"Mbona ulinyamaza, Bwana Fundi?"

"Nilikuwa nahesabu. Ningefika sitini ningesema mwenyewe, na wewe usingegusa bomba langu tena."

"Nilisema kwenye ngapi?"

"Hamsini na moja," alisema, akapanda lori.

Nilirudishiwa kitabu. Nikafunga mifumo Njombe, Iringa na Mbeya; nikawa msaidizi wa fundi, kisha fundi, mwisho nikaitwa Fundi Mkuu mwenyewe. Uhuru ulikuja, mameneja wakabadilika. Kila ghala nililofunga niliwaita kwanza wanaofagia na wanaoshona, nikawaonyesha kikombe na kichupa, nikawapandisha ngazi waguse. Na kila Krismasi, mpaka alipofariki, Mama Yeremia aliniletea kindoo cha udongo mweupe. "Ukutani tu, mwanangu," alisema, akacheka. Mimi sikuweza kucheka naye sawasawa, ila nilipokea.

Ijumaa yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilipanda ngazi kwa magoti yanayolia, nikagusa vyote kimoja kimoja, nikashuka, nikaandika. Meneja mpya, kijana msomi, alikuwa akinisubiri mlangoni aniage. Kwa mazoea nilinyoosha viganja vyangu mbele yake. Alidhani ninamuaga, akaushika mkono wangu na kuutikisa kwa heshima. Kisha aliona kiganja chake kimechafuka, akaanza kutafuta kitambaa.

Sikumweleza. Nilitembea mpaka nyumbani bila kunawa.