Wali wa Kamati ya Kipindupindu

Domitila alikuwa na banda la chakula jirani na soko la Ifakara. Watu walimjua kwa mambo mawili: wali wake haukuwahi kuwa bokoboko, na hakuna aliyepokea sahani kwake kabla ya kunawa.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na nane mvua zilikataa kukatika. Mto ukafurika, vyoo vikafurika, na visima vikapokea kila kilichokuja. Watu wa kijiji cha Michenga wakakimbilia mjini kwa ndugu zao. Chumba cha watatu kikalaza tisa, wote wakinywa maji ya kisima kimoja. Mwezi wa pili, kuharisha na kutapika kukaanza. Evod, fundi baiskeli aliyepakana na banda la Domitila, aliugua alfajiri; adhuhuri alikuwa amekwisha kufa.

Kata ikaunda Kamati ya Kupambana na Kipindupindu. Mwenyekiti wake, Mzee Obadia, akasimama sokoni na kutangaza kwamba chanzo ni mama ntilie, wafunge wote mara moja. Visima hakuvitaja. Kile kikubwa kilikuwa uani kwake. Mgambo wakamwaga wali wa Domitila mtaroni, naye akarudi nyumbani na sufuria tupu kichwani, analia kwa hasira.

Siku ya tatu Mzee Obadia alimjia nyumbani, akapitia mlango wa nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Biashara imefungwa, hilo liko palepale. Ila kamati ina kikao, na watu kumi na wawili hawawezi kupambana na ugonjwa wakiwa na njaa."

"Si mlisema chakula changu kinaua?"

"Kile cha barabarani. Hiki ni cha kikao."

Domitila akapika wali na samaki, perege. Akawapelekea pia ndoo ya maji ya kunywa aliyoyachemsha mwenyewe, na kipande cha sabuni. Wajumbe wakapanga foleni wakanawa, isipokuwa mwenyekiti.

"Binti, mimi ndiye ninayefundisha watu kunawa," alisema, akachota kikombe kwenye mtungi wa ofisi, uliojazwa kutoka kisimani kwake.

Siku mbili baadaye alikatisha hotuba katikati, akatoka mbio. Hakurudi. Wakampakia kwenye baiskeli hadi kambi ya wagonjwa. Domitila alipopata habari, kicheko kilimjia, kisha akamkumbuka Evod, kikamkauka. Akakoroga uji, akaenda. Nesi Stefania alikuwa akitundika dripu ya tano.

"Binti," mzee alinong'ona, "ni ule wali?"

"Wenzako kumi na mmoja wako kwenye kikao, mzee. Wazima."

Obadia akafumba macho.

Alipona. Taarifa ya kamati ikasema mwenyekiti alipatwa na malaria kali. Kisima chake kikafungwa, eti kwa matengenezo, na wagonjwa wa mtaa ule wakapungua hadi wakaisha. Kamati ikajipongeza kwa maandishi: kufunga mabanda ya chakula kumeleta mafanikio makubwa.

Mwezi wa tano mama ntilie wakaruhusiwa kuomba vibali upya, kwa sharti la kuhudhuria semina ya usafi ya siku mbili. Mkufunzi alikuwa Mzee Obadia, amekonda lakini sauti ileile. Domitila alikaa mbele na kuandika kila neno kwenye daftari, maana kibali kilihitaji saini ya mkufunzi.