Wakili wa Mlango wa Uani

Mume wangu alikuwa wakili, na aliyeolewa na wakili anajua kwamba nyumbani hakuna neno dogo. Ukimwambia mchuzi umezidi chumvi atataka shahidi. Unguja alikuwa akisimama mahakamani karibu kila siku, na joho lake nikilipiga pasi mwenyewe kwa makaa. Yakaja mapinduzi, joho likabaki huko na mahakama ikabaki huko. Tulitangatanga na watoto wetu, na mwanzoni mwa miaka ya sabini tukafikia kijiji cha babu zake katika nchi ya Waarabu, nje kidogo ya mji wa Ibra. Mimi nilikuwa sijapata kuona mlima usiokuwa hata na mti mmoja. Siku ya kwanza nililia, ya pili nikanyamaza kwa sababu ya vumbi.

Kadhi wa Ibra alikuwa mtu mpole. Alimpa mume wangu ruhusa ya kusema mbele yake kwa niaba ya watu: wajane, wenye mashamba ya mitende, wagomvi wa zamu za maji. Taabu ilikuwa moja tu. Mahakama ya kule haikuwa na viti. Kadhi alikaa mkekani, wenye kesi wakakaa mkekani, na maneno yakaenda polepole pamoja na kahawa. Mume wangu alikuwa hawezi kusema huku amekaa. Akifika penye hoja nzito husimama, mkono kifuani, kana kwamba bado yuko Unguja. Watu wa Ibra walimcheka, halafu wakamzoea.

Miaka ikapita, wilaya ikagawanywa. Wakubwa walitaka mpaka ambao kila mtu ataweza kuuonyesha kwa kidole, wakachagua falaji, mfereji wa maji unaotoka mlimani kwenda mashambani. Falaji yetu ilipita chini ya nyumba yetu, baina ya sebule na jiko. Basi sebule ya wanaume na mlango wake mkubwa vikabaki Ibra. Jiko, ua na mlango wangu wa uani, mlango wa wanawake, vikaingia wilaya mpya. Nikawa napika wilaya moja na kupakua wilaya nyingine. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Bwana hakucheka. Mashamba yote yalikuwa upande wa pili, na watu waliomtegemea walikuwa huko. Kesi zao sasa zilikwenda kwa kadhi mpya, na ruhusa yake ilikuwa ya kadhi wa zamani.

"Bibi," akaniambia, "hii ni mara ya pili mahkama inanikimbia. Ya kwanza niliiacha mimi. Hii, wallahi, imeondoka yenyewe nami nimekaa kwangu."

Kadhi mpya alitoka Nizwa, kijana bado, mwenye elimu na aibu. Mume wangu akaenda kumwomba amkubali. Alianza vizuri, amekaa, miguu ameikunja. Halafu akafika penye hoja nzito, akasimama. Watu wa kule walikuwa hawajamzoea. Wakadhani anaaga. Wote kwa adabu wakamwitikia, "Fi amani Llah!" na bawabu akamletea ndara zake mlangoni. Ilibidi arudi ndani na kuanza upya.

Kadhi alimsikiliza mpaka mwisho. Mume wangu alisema kwamba iliyogawanywa ni ardhi, siyo haki ya mtu, na kwamba aliyeruhusiwa kabla ya mpaka, mpaka haupiti juu ya ulimi wake. Kadhi akasema hoja ni nzuri sana. Lakini mbele yake atasema mkaazi wa wilaya yake tu, na mlango wa sheikh, yaani bwana wangu, unaelekea Ibra.

Basi nikabaki na mume nyumbani tangu asubuhi. Mwanamke aliyepatwa na msiba huo hahitaji kuelezwa. Alilifanya jiko langu mahakama. Aliniuliza kwa nini kitunguu kinatangulia nyanya, nani aliyepanga hivyo, na kama nyanya imepewa nafasi ya kusema. Nikimjibu, ananiambia nijibu nilichoulizwa. Siku moja nilimwambia nitamtia sufuriani. Lakini maswali yakaanza kupungua, kisha yakaisha. Akawa anakaa sebuleni peke yake na mlango wazi, anatazama njia isiyopitwa na mtu. Kimya kile kilinitisha kuliko maswali. Mtu huyu amekwisha kupoteza nchi, nikasema, hii nyingine hapotezi nami nipo.

Sasa nikwambieni desturi ya wanawake wa kule. Asubuhi, kazi zikishapungua, hukusanyika kunywa kahawa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mara nyingi walikuja kwangu kwa sababu ya mandazi yangu ya iliki. Na miongoni mwa waliokuja alikuwa mke wa kadhi. Alikuwa mgeni kama mimi, ameacha ndugu zake wote Nizwa, na Kiarabu changu kibovu kilimchekesha. Mume wangu hakulijua hilo. Mwanamume mwenye heshima haulizi nani yumo uani.

Nikamwambia, "Bwana, kamuulize kadhi: mtu hukaa anapopokea wageni au anapopikiwa?"

Akanitazama vile alivyokuwa akimtazama wakili wa upande wa pili aliyemletea shahidi asiyemtarajia. Akaenda. Nilimwapisha asisimame. Kadhi akafikiri, akasema mkaazi wa mahali hujulikana kwa majirani wanaokunywa kahawa kwake, na kwamba atakuja mwenyewe kutazama.

Siku aliyosema atakuja niliwaita wanawake wote. Kwa kawaida ndara tulizivua ndani ya ua, mbuzi wasizitafune. Siku hiyo niliwafunga mbuzi na kuwaomba mashoga zangu wazivue nje ya mlango, wakaona ni ushamba wa Kizanzibari, wakazivua.

Kadhi alikuja na wazee wawili. Kwenye mlango mkubwa alikuta ndara za mume wangu, kuukuu, na paka amezilalia. Wakazunguka, bwana akiwafuata pekupeku, wakavuka falaji, wakaja uani, wakasimama mbali na kukohoa kwa adabu. Mimi niliweka jicho kwenye ufa wa mlango. Kadhi alizitazama ndara zile, lundo zima, mpaka macho yake yakafika kwenye moja yenye mikanda myekundu. Alikuwa amemnunulia mkewe yeye mwenyewe sokoni Nizwa. Akatazama mbinguni kidogo. Nyuma yangu mkewe alikuwa ameng'ata shela yake, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Hawa ni majirani," kadhi akasema, na sauti yake ilitaka kucheka ikaogopa wazee. "Nyumba hii inakaa upande huu. Lakini, yaa sheikh, mwenye kukaa upande huu apite upande huu."

Basi mlango mkubwa ukafungwa kwa komeo. Tangu siku ile mwanasheria wangu alitoka na kurudi kwa mlango wa wanawake. Asubuhi alikohoa, tukajifunika, akapita baina ya masufuria na nguo za kuanikwa, macho chini, kilemba kikigusa vitunguu nilivyotundika. Jioni alikohoa tena.

"Hodi wenyewe!"

"Unamtaka nani?"

"Namtaka mwenye nyumba."

"Hayupo, yuko mahakamani. Njoo kesho."

"Nitamshitaki huyo."

Hatukuchoka na upuuzi huo. Na huko wilaya mpya alisimama penye kila hoja nzito, na baada ya muda hata bawabu aliacha kumletea ndara.

Alikufa katika miaka ya themanini, kitandani mwake, baada ya sala ya alfajiri. Wanangu, watu wazima sasa, wakataka jeneza litoke kwa mlango mkubwa, ndio wa heshima. Walikwishashika komeo. Nikapaza sauti mbele ya wanaume, jambo ambalo sikupata kulifanya kabla wala baada: baba yenu ni mkaazi wa upande huu. Wakaliacha komeo.

Wakampitisha uani. Nikajifunika kanga, nikasogea kando ya masufuria nimpishe, kama kila asubuhi. Nikasahau, nikangoja akohoe.