Kisu cha Mama Mkwe

Mke wangu hutengeneza visu, na asiyependa kusikia mume akimsifu mkewe aishie hapa hapa. Mimi ni fundi cherehani. Mikasi yangu huinoa yeye, na maringo yangu yote ni yeye. Mtaani wanamwita Cheche.

Mama yake ana bucha. Mwaka mmoja kifundo cha mkono kilianza kumsumbua, ikawa kabla ya adhuhuri kisu kinamponyoka. Akasema atafunga bucha, ile ile iliyomlea Cheche na ndugu zake baada ya baba yao kufariki. Alisema huku akicheka, lakini machozi yalimlengalenga.

"Mama hafungi," Cheche akaniambia. "Tatizo ni lile jisu lake zito."

Dawa aliijua. Gurudumu la msasa huchimba bapa la kisu pande zote mbili, likaacha kibonde juu ya makali. Kibonde kikipanda hadi karibu na mgongo, kisu huwa chembamba na hupita nyamani bila kusukumwa, ila kikigonga mfupa kinameguka. Kikiishia chini, kisu huvumilia mfupa, lakini mkono ndio unaoumia.

Kisu cha kwanza alikichimba juu kabisa, kwa huruma ya mtoto kwa mama. Kiling'aa hicho! Siku ya pili mama akakirudisha kina mapengo. "Mwanangu, hiki ni cha kukatia nyanya."

Mimi nilikasirika, Cheche mwenyewe hata hakununa. Alikwenda buchani, akakalia kreti, akamtazama mama yake akikata tangu kufungua hadi kufunga. Akarudi anacheka.

"Baba watoto, yule mama anatumia kisu kimoja kama viwili! Mnofu anakata kwa upande wa ncha. Kwenye maungio anapekua kwa makali ya karibu na mpini."

Basi akachora mstari kwenye bapa la kisu kipya: chini karibu na mpini, kisha unapanda polepole kuelekea nchani. Kuchimba kibonde kinachopanda hivyo, na upande wa pili ulingane nacho, si mchezo. Mkono ukitetemeka kidogo tu, chuma kimeharibika. Nilisimama mlangoni nimebana pumzi. Yeye anachovya chuma kwenye ndoo ya maji, anapapasa kwa kidole, anarudi kwenye gurudumu.

Mama mkwe alikipokea, akaendelea na kazi. Kusifu hajui, yule. Jumamosi nikajifanya naenda kununua nyama. Adhuhuri ilishapita na bado alikuwa anakata, maungio yanaachia yenyewe, kifundo hakijafungwa hata kitambaa.

Mwenye hoteli ya jirani akamuuliza, "Mama, kisu hiki umenunua wapi? Na mimi nakitaka."

Akakifuta kwa aproni, taratibu. "Sikununua," akasema. "Fundi wake nilimzaa mwenyewe."

Nyama yangu niliisahau pale pale juu ya meza. Nilikimbia nyumbani kumpelekea Cheche maneno hayo yangali ya moto.