Abiria wa Kilo Arobaini na Moja

Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa kuongeza. Nikikwambia harusi ya jirani ilikuwa na watu elfu mbili, gawa kwa kumi. Nikikwambia nilikula sahani sita za pilau, gawa kwa mbili. Lakini haya nitakayokueleza leo usiyagawe. Yaache vile vile, kwa sababu yalinipata mimi, kazini kwangu, jua likiwa bado linawaka, na hadi ninapoandika mstari huu hayajaniondokea.

Kazi yangu ni kupima. Napima mizigo na watu kwenye uwanja mdogo wa ndege huku Ukunda, katika kampuni ambayo sitaitaja, kwa kuwa mshahara wake bado nauhitaji. Ndege zetu ni zile za pangaboi, abiria kumi na wawili na rubani wao. Ikiwa angani utadhani ni pikipiki iliyoota mbawa. Ndege ya namna hiyo haitaki mchezo na uzito, ndiyo maana kila abiria hupanda mizani pamoja na begi lake, hata awe balozi.

Wageni wengi hilo hawalijui. Mtu ametoka kwao na ndege kubwa kama mtaa mzima, akisikia "ndege ya ndani" anadhani ni kama kudandia gari la kwenda sokoni. Kwa hiyo kama unasafiri ndani ya nchi isiyo yako, nisikilize mimi niliyeshuhudia machozi ya wengi. Pasipoti usiiache hotelini. Ndege haivuki mpaka, lakini wewe ni mgeni bado, na utaulizwa u nani. Jina la kwenye tiketi liwe lile lile la kwenye pasipoti, si lile wanalokuita shangazi zako. Begi liwe la kitambaa, linalokunjika, maana tumbo la ndege hizi ni dogo, na sanduku gumu la magurudumu tutalitazama kwa masikitiko tu. Tena uje mapema. Kilo zikizidi, aliyekuja mwisho ndiye anayebaki.

Siku hiyo aliyekuja mwisho alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Tanga, mwembamba kama ufito. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni, ndege ya mwisho kwenda Nairobi imeshapakiwa, rubani ameshavaa miwani yake. Uwanja wetu hauna taa. Jua likizama, hakuna kuruka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sijaachwa?"

"Hujaachwa. Ndege ile pale inakungoja wewe tu."

Akanieleza huku anahema. Asubuhi ile alipigiwa simu: bintiye wa pekee, aliyeolewa Nairobi, amelazwa, ana uvimbe tumboni, madaktari wanataka kumpasua kesho saa mbili. Binti amegoma kutia sahihi mpaka amwone mama yake. Basi la kutoka Tanga lisingewahi. Bi Zuhura akakodi gari, akavuka mpaka Lunga Lunga, gurudumu likapasuka kabla ya Msambweni, na hapo ndipo alipoanza kulia. Hakuwa amenyamaza bado.

Mimi wanawake wa makamo nawapima kwa adabu zetu. Nafunika namba za mizani kwa leso, nainua pembe, natazama peke yangu, maana si heshima kumtangaza mama wa watu kwa kilo mbele ya wanaume. Hilo halimo katika kanuni za kampuni, nimelitia mwenyewe. Nikamwambia Bi Zuhura apande. Nikainua pembe ya leso.

Themanini na nne.

Niliangalia namba, nikamwangalia yeye. Mtu yule, ukimpa na begi lake la nguo mbili, hafiki hamsini. Nikamwomba ashuke. Sufuri. Apande tena. Themanini na nne. Nikapanda mimi mwenyewe: sabini na mbili, uzito wangu wa kila siku. Mizani haikuwa na kosa. Amini usiamini, jasho lilinitoka lililotosha kuoshea vyombo vya matanga.

"Mama," nikamnong'oneza, "unisamehe. Umebeba kitu ndani ya buibui?"

Akainamisha kichwa. "Si kitu, mwanangu. Ni mtu."

Ndipo nikatazama chini. Bamba la mizani lilikuwa na vumbi jekundu la kwetu. Ndani ya lile vumbi, kando ya viatu vya Bi Zuhura, palikuwa na nyayo mbili tupu. Nyayo ndogo, za msichana, vidole vimetanuka. Nazo hazikuwa alama za mtu aliyepita. Vumbi lilikuwa linabonyea pale pale ninapotazama, kama mtu anapohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu.

"Mzee, vipi hapo?" rubani akapaza sauti. Yeye ni kijana wa bara, hana maneno mengi. "Niko na kilo hamsini tu zimebaki. Na jua hilo linaenda!"

"Dakika moja, kepteni!"

Bi Zuhura alinieleza mbio mbio, na mimi nakueleza alivyonieleza. Alikuwa na mdogo wake, Mwanasha. Wangali wasichana, walitoka harusini Pangani, Mwanasha akiwa na homa. Njiani likapita lori lenye nafasi ya mtu mmoja. Zuhura akapanda, akamwambia mdogo wake, nitarudi kukuchukua. Aliporudi kesho yake alimkuta amefunikwa mkeka.

"Tangu siku hiyo kila nikisafiri, husafiri nami. Basini hana taabu. Basi halipimi watu."

"Ana ubaya?"

"Mume wangu alilazwa, akaanza kupata nafuu, hata uji anaomba mwenyewe. Nikasafiri kwenda kumtazama. Aliniona akacheka. Kisha akatazama nyuma yangu, akanyamaza. Alfajiri hakuamka." Akanishika mkono wa shati. "Sasa huyo binti yangu je? Nisipokwenda, hapasuliwi. Nikienda na huyu, hatoki hai. Niambie nifanye nini."

Ungemwambia nini wewe? Mimi nilisoma shule ya usiku, nikamaliza nikiwa baba wa watoto watatu, na mwalimu wetu alitufundisha mengi, lakini hili hakuligusa. Nikaona niandike arobaini na kitu, yaishe. Akatikisa kichwa kabla sijasema.

"Hata ukiniandikia uongo, ndege itamjua. Huyu hashuki mpaka apate wa kukaa naye. Nyumba yoyote, mradi akaribishwe. Lakini nani wa kumkaribisha?"

Hapo ndipo nilipoponzwa na pwani yangu. Sisi huku neno karibu tunalitoa bure. Utamkuta mtu anatafuna kipande kimoja cha muhogo, cha mwisho, atakwambia karibu, naye moyoni anaomba ukatae. Nimewakaribisha nyumbani Wajerumani, wachungaji, wakaguzi wa kodi. Hakuna aliyekuja. Kwa hiyo nikacheka, nikajipiga kifua, nikasema kwa sauti, nikilitazama lile vumbi:

"Basi mwache kwangu! Nyumba yangu Bongwe ina vyumba kumi." Ina viwili. "Mwanasha, karibu. Wallahi karibu, ukae utakavyo."

"Unamkaribisha kwa moyo?"

"Kwa moyo na maini, mama!"

Namba haikushuka pole pole. Iliruka. Themanini na nne ikawa arobaini na tatu, na Bi Zuhura akanyooka mgongo kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani. Hakunitazama mimi. Alitazama kando yangu, upande wa kushoto, chini kidogo ya bega.

"Mwanasha," akasema, "nisamehe."

Kisha akachukua begi lake akaenda, bila kugeuka. Rubani akaniuliza ngapi, nikajibu arobaini na tatu. Ndege ikapanda vizuri juu ya minazi ya Diani. Nikabaki pale na mizani. Nikasema moyoni, usipande. Nikapanda.

Mia na kumi na tatu.

Nilikwenda nyumbani na bodaboda. Tulipofika kona ya Bongwe yule kijana akasimamisha pikipiki, akageuza kichwa nusu. "Baba, tumepatana mtu mmoja. Huyo wa nyuma mbona amepanda bila kusema?" Nikamlipa, nikatembea kwa miguu. Nyuma yangu mchanga ulikuwa unalia, hatua mbili mbili.

Mke wangu, Mama Saumu, alikuwa jikoni. Akaleta sahani tatu.

"Ya nani hiyo?" nikamuuliza.

"Ya mgeni wako. Si nimesikia mkiingia mnaongea?"

Nilikuwa sijafungua mdomo tangu kwenye kona.

Kesho yake saa sita mchana Bi Zuhura alinipigia kwenye simu ya kampuni. Binti amepasuliwa salama, ameamka, ameomba chai. "Alinitazama mimi tu, mwanangu," akaniambia huku akilia. "Hakutazama nyuma yangu." Nikamshukuru Mungu, na nilimshukuru kweli. Hata leo sijutii yule binti kupona, nisije nikaonekana mtu wa roho mbaya.

Lakini nisikilize yaliyofuata. Nimekwenda kwa mashekhe wawili. Nimekwenda kwa mganga Kinango, akanitazama upande wa kushoto kabla hajanitazama usoni. "Angekuvamia ningemtoa," akasema. "Huyu umemwita kwa jina na kiapo. Mimi sina la kumfanya." Hata ada alikataa kupokea. Mganga akikataa pesa, ndugu yangu, ujue.

Mwanasha mwenyewe hana makelele. Usiku godoro hubonyea upande wa miguu, basi. Mke wangu amehamia chumba cha watoto, lakini sahani ya tatu bado anaipakua, anasema ni haya kumnyima mgeni. Taabu yangu si hiyo. Taabu ni wagonjwa. Kaka yangu alilazwa Msambweni wiki tatu, nikafika mpaka getini mara nne, mara nne nikarudi. Amepona, na hanisemeshi. Sasa mama yangu mzazi ameanguka, yuko kitandani huko Majoreni, kila jioni ananipigia.

"Mbona huji, baba? Nimekukosea nini?"

Namwambia kazi nyingi, mama. Naongeza kama kawaida yangu: ndege hamsini kwa siku, mama, hata kujikuna sipati nafasi. Zamani alikuwa anacheka.

Kwa hiyo ukija kwetu na pasipoti yako na begi lako la kitambaa, panda mizani bila kuona haya, na nikikuuliza kama uko peke yako, nijibu ukweli. Nisalimie, nitakuitikia. Tuulizane habari za nyumbani. Lakini nakuomba, na hapa siongezi hata neno: usiniambie karibu kwako, hata kwa adabu, hata kwa mzaha. Mama yangu ni mgonjwa, nami nataka kumwona. Ukinikaribisha, nitakuuliza kama ni kwa moyo.